Kuomba Msaada wa Karo Marekani Ukiwa Kisumu: Jinsi ya Kuhesabu Mapato na Akiba ya Familia

Chuo cha Marekani kinachotoa msaada wa karo kwa wanafunzi wa nje kinamuuliza mzazi maswali mengi madogo. Mwaka fulani mliingiza kiasi gani? Mmeweka akiba kiasi gani, na wapi? Mnamiliki nini? Watoto wengine wangapi wako shuleni, na karo yao ni ngapi? Kutokana na majibu hayo chuo hupiga hesabu na kuamua familia inaweza kutoa kiasi gani kwa mwaka. Gharama yote ya chuo ikitolewa kiasi hicho, kinachobaki ndicho chuo hukitambua kuwa mahitaji ya mwanafunzi.

Fomu hizi zilitungwa kwa kumfikiria mzazi mwenye mwajiri mmoja, mshahara mmoja na akaunti moja. Familia nyingi za Nyalenda, Khayega au Kaptembwo haziishi hivyo. Baba ni mlinzi mjini, mama anauza omena, kuna ng'ombe wawili kwenye shamba la babu, mjomba hutuma kitu kidogo kutoka Doha, na pesa za chama zinapitia simu ya mama. Yote hayo yanaelezeka, na yakielezwa vizuri chuo huyaelewa. Yasipoelezwa, mtu wa ofisi ya msaada aliye mbali huko atajaza mapengo kwa kukisia, na makisio yake huenda yasimfae mtoto wako.

Hatua ya 1: Jua mtoto wako anaomba msaada wa nani

Kuna msaada wa serikali ya Marekani na kuna msaada wa chuo chenyewe. Ule wa serikali huombwa kwa fomu iitwayo FAFSA, ambayo haina malipo. Ni wa raia wa Marekani, wenye ukaazi wa kudumu na makundi machache mengine. Mkenya anayekwenda kwa viza ya mwanafunzi, F-1, haupati. Lakini tuna watoto waliozaliwa Marekani wazazi wakiwa masomoni au kazini huko, wakarudi na kulelewa Kisumu au Nakuru. Hao ni raia na wana haki ya kuomba, hata kama wazazi ni Wakenya wasio na nambari ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Tangu mwaka wa masomo wa 2024/25, mzazi asiye na nambari hiyo anaweza kufungua akaunti yake na kujaza sehemu inayomhusu.

Wengine wote huomba msaada wa chuo chenyewe. Vyuo vingi vya binafsi hutumia fomu ya CSS Profile, inayoendeshwa na College Board na kufunguliwa kila tarehe 1 Oktoba. Hiyo hulipiwa: dola 25 kwa chuo cha kwanza na dola 16 kwa kila chuo kinachoongezwa. Kabla ya kulipa, kiandikie chuo barua pepe fupi na uulize kama kinaweza kuondoa ada hiyo, au kama kinakubali fomu nyingine isiyolipiwa, kama ile iitwayo ISFAA. Vyuo kadhaa hukubali, lakini mara nyingi ni mpaka uulize.

Hatua ya 2: Chagua vyuo kwa kuangalia jinsi vinavyopima uwezo wa familia

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza mwaka mzima. Vyuo vichache sana haviangalii kabisa uwezo wa familia ya mwanafunzi wa nje wakati wa kuamua nani aingie, kisha humlipia aliyeingia mahitaji yake yote. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin vimo katika kundi hilo. Kuingia huko ni kugumu mno.

Kundi la pili ni la vyuo vinavyotazama alama na pesa kwa pamoja. Mwombaji anayehitaji dola 60,000 kwa mwaka hupimwa kwa ukali kuliko anayehitaji dola 20,000. Katika vyuo hivi, kila tarakimu unayoandika kuhusu mapato na akiba inaweza kugusa uamuzi wa kumpokea mtoto wenyewe. Kundi la tatu, lenye vyuo vikuu vingi vya umma vya majimbo, halina msaada wa maana kwa mwanafunzi wa nje anayeomba kwa sababu ya uhitaji. Usitumie pesa za ada za maombi huko ukitegemea huruma.

Kuna sharti moja ambalo limewafungia watoto wengi mlango. Vyuo vingi vya kundi la pili vinasema kwamba mwanafunzi wa nje asiyeomba msaada wakati wa kuomba nafasi hawezi kuuomba baadaye. Kwa hiyo ushauri wa mtaani kwamba "ingia kwanza, pesa tutajua mbele" usiufuate. Ukiufuata, mtoto atapata barua ya kukubaliwa na bili ya zaidi ya dola 85,000 kwa mwaka, karibu shilingi milioni 11, bila njia ya kurudi nyuma.

Hatua ya 3: Funga hesabu ya mwaka mmoja

Kwa anayetarajia kuanza masomo Agosti au Septemba 2027, mwaka wa mapato unaoulizwa ni 2025, pamoja na makadirio ya miaka inayofuata. Wakenya tuna bahati hapa, kwa sababu mwaka wetu wa kodi ni Januari hadi Desemba, sawa na wa Marekani.

Aliyeajiriwa ana kazi rahisi. Achukue kwa mwajiri P9 ya mwaka huo (karatasi ya mshahara na kodi) na aandike mshahara wa jumla kabla ya makato, kisha kodi na makato mengine pale yanapoulizwa. Asiandike kile kinachobaki mkononi baada ya mkopo wa Sacco na mkopo wa benki kukatwa. Walimu hukosea hapa mara nyingi: mshahara wa 52,000 unaingia benki ukiwa 19,000, na mwalimu anaandika 19,000. Ofisi ya msaada itaiona P9, itaona tofauti, na tangu hapo itasoma fomu yote kwa shaka. Andika 52,000, kisha eleza madeni yanayokatwa kwenye sehemu ya maelezo.

Mfanyabiashara ndiye mwenye kazi. Chukua mama anayeuza omena soko la Kibuye. Akitoa taarifa yake ya M-Pesa ya mwaka mzima (inapatikana kupitia *334# au programu ya M-Pesa), akaongeza mauzo ya pesa taslimu, anaona shilingi 960,000 zimeingia. Akiandika 960,000 kama mapato, amejiharibia, kwa sababu hayo ni mauzo. Na atoe sasa:

Omena aliyonunua kwa mwaka, 640,000. Nauli na mzigo kutoka ufuoni, 62,000. Ushuru wa soko, 50 kwa siku kwa takribani siku 300, 15,000. Magunia na kodi ya stoo, 23,000. Jumla ya gharama ni 740,000, na kilichobaki ni 220,000. Hayo ndiyo mapato yake ya biashara.

Baba, mlinzi huko Milimani, anapata 16,000 kwa mwezi, yaani 192,000 kwa mwaka. Familia hii basi imeingiza shilingi 412,000. Kwa kiwango cha takribani shilingi 129 kwa dola, hizo ni dola 3,194 hivi.

Hesabu hiyo iandikeni kwenye karatasi moja, mstari kwa mstari, na muitume pamoja na fomu. Mama hahitaji mhasibu kwa jambo hili. Daftari lake la mauzo, hata likiwa na madoa ya samaki, ni ushahidi mzuri kuliko jedwali safi lililochapwa saiba na mtu asiyeijua biashara yake.

Kisha ongezeni yale ambayo watu husahau: kodi ya nyumba za kupangisha, maziwa yanayouzwa, malipo ya miwa kutoka kiwandani (mwaka yalipolipwa, hata kama miwa ilivunwa mwaka uliotangulia), na pesa za ndugu zinazokuja mara kwa mara. Kaka aliye ng'ambo akituma 10,000 kila mwezi za chakula, hizo ni 120,000 kwa mwaka na zinaandikwa. Mchango wa mazishi uliopita mikononi mwenu na kuishia kwenye jeneza, gari na chakula cha waombolezaji si mapato. Ukionekana kwenye taarifa ya simu, uelezwe kwa sentensi moja.

Msiandike sufuri. Kuna anayedhani sufuri itaonyesha dhiki. Chuo huweka sufuri hiyo kando ya karo ya shule, kodi ya nyumba na chakula mlivyotaja wenyewe, kisha kinauliza: mlikula nini? Vivyo hivyo, kama mliwasilisha ritani ya sufuri kwa KRA na ilhali biashara ilikuwepo, irekebisheni kabla ya kutuma fomu, kwa sababu ritani ni moja ya karatasi zinazoombwa.

Hatua ya 4: Andika akiba bila kuificha wala kuimaliza

Hofu kubwa ninayoisikia kwa wazazi ni kwamba akiba itawanyima msaada. Kuna mama anayetaka kutoa pesa zote Sacco kabla ya Oktoba. Kuna baba anayetaka kuhamishia akiba kwa jina la mtoto ili yeye aonekane hana kitu. Wote wawili wanajiumiza, na ni vizuri waione hesabu.

Katika kanuni za serikali ya Marekani, mapato ya wazazi yanayobaki baada ya kuondoa kodi na matumizi ya msingi huchukuliwa kwa ngazi, kuanzia asilimia 22 hadi asilimia 47. Akiba na mali ya wazazi huongeza mchango wa familia kwa asilimia 5.64 tu, tena hicho ndicho kilele. Akiba iliyo kwa jina la mwanafunzi huchukuliwa asilimia 20. Vyuo vinavyotumia CSS Profile vina kanuni zao, lakini mwelekeo ni ule ule: akiba ya wazazi karibu asilimia 5 kwa juu, ya mwanafunzi karibu asilimia 25.

Tuseme familia yetu ya omena ina 150,000 kwenye Sacco. Zikiwa kwa jina la mama, zinaweza kuongeza mchango wa familia kwa 7,500 hivi kwa mwaka. Zikihamishwa kwa jina la mtoto, zinaongeza 37,500. Yaani yule baba aliyekimbilia kumwandikisha mtoto amepandisha mzigo mara tano. Na yule aliyetoa pesa na kuzitumia amejinyima ngao ya dharura kwa ajili ya 7,500.

Kila aina ya akiba ina namna yake ya kuelezwa.

Sacco: tenganisha hisa na amana. Amana za Sacco nyingi hazitolewi mpaka mwanachama ajiondoe, na mara nyingi zimeshikiliwa kama dhamana ya mkopo wako au wa mwenzako uliyemdhamini. Ofisa wa Marekani hajui hilo. Akiona 150,000 anadhani unaweza kuzitoa kesho asubuhi. Pata barua ya Sacco inayoonyesha amana, deni lililobaki na kiasi kilichofungwa kwa udhamini.

Chama: andika tu sehemu yako. Kama wewe ndiye mweka hazina na pesa za wanachama ishirini zinapitia simu yako, taarifa yako ya M-Pesa itakufanya uonekane tajiri. Ambatisha nakala ya cheti cha usajili wa kikundi, na barua ya katibu inayosema pesa hizo ni za nani na zinakuja lini kwako. Katika familia nyingi nadhani barua hiyo moja ina thamani kuliko zote.

NSSF na pensheni: zitaje pale zinapoulizwa. FAFSA haizihesabu, na vyuo vingi hufuata mkondo huo.

Mkopo ulioingia benki karibuni si akiba. Salio likionyesha 300,000 kwa sababu Sacco imekupa mkopo wiki iliyopita, andika tarehe, kiasi na sababu.

Hatua ya 5: Shamba, nyumba na ng'ombe

FAFSA haiulizi thamani ya nyumba mnayoishi. CSS Profile huiuliza, na kila chuo huamua chenyewe kiihesabu vipi. Katika CSS Profile, ploti nyingine, nyumba za kupangisha za Kiamunyi, matatu na duka ni mali na zinaandikwa kwa bei ambayo mtu angenunulia leo. Msitumie bei ya madalali wala ile mnayoiota.

Shamba la ukoo ndilo linalotatiza. Hati miliki ina jina la babu aliyefariki, urithi haujafanywa mahakamani, na ekari tatu zinalimwa na familia za ndugu wanne. Hilo haliwezi kuandikwa kama mali yenu ya ekari tatu, wala haliwezi kuachwa kimya ilhali mnaandika mapato ya mahindi. Elezeni: jina lililo kwenye hati, nani analima sehemu gani, nyinyi mnalima kiasi gani, na kwamba hamna mamlaka ya kuuza. Barua ya chifu inasaidia hapa. Iwe kwa Kiingereza, au iambatane na tafsiri.

Tafadhali msiuze ardhi kwa ajili ya maombi haya. Ardhi ikiuzwa, kitu kisichogusika kwa urahisi kinageuka kuwa pesa benki, na pesa benki ndiyo kitu cha kwanza chuo kinachokiona. Mtakuwa mmepoteza shamba, na mkapunguziwa msaada juu yake.

Hatua ya 6: Eleza nani anawategemea

Fomu huuliza watoto wengine na karo zao. Andikeni kila mmoja: wa kidato cha pili, wa chuo cha ufundi, wa Maseno au Masinde Muliro. Wekeni bili za shule kando ya basari ya kaunti au ya CDF mliyopata, ili kionekane mnacholipa wenyewe. Kumlea bibi mgonjwa, au watoto wa dada aliyefariki, kunaandikwa kwenye sehemu ya hali maalumu pamoja na risiti za dawa na vyeti vya kifo. Baba akiwa na wake wawili, semeni hivyo wazi na mwonyeshe pesa zake zinavyogawanyika. Wazazi wakiwa wametengana, vyuo vingi hutaka maelezo ya wote wawili. Kama mmoja hajulikani aliko, chuo kinaweza kumsamehe mtoto takwa hilo kikipata barua ya mwalimu mkuu, chifu au kiongozi wa dini anayeifahamu familia.

Hatua ya 7: Sarafu, na swali la mtatoa ngapi

CSS Profile huwaruhusu wa nje kuandika kwa sarafu ya kwao. ISFAA inataka dola. Soma juu ya kila ukurasa. Familia yetu ikiandika 412,000 kwenye fomu ya dola, imejitangaza kuwa na mapato ya zaidi ya shilingi milioni 53, na hakuna atakayepiga simu kuuliza.

Kisha linakuja swali la kiasi ambacho wazazi watatoa kila mwaka. Lijibuni mkiwa pamoja. Ahadi ya harambee isiingizwe, kwa sababu harambee hufanyika mara moja na masomo ni miaka minne. Kwa familia ya 412,000, kusema dola 200 hadi 300 kwa mwaka ni jibu la kweli: ni 26,000 hadi 39,000, karibu na ambacho ingetumia kumlisha mtoto huyo nyumbani. Msipandishe kwa kuona haya.

Hatua ya 8: Baada ya kutuma

Msiachie nafasi ya chuo cha Kenya kupitia KUCCPS wala mkopo wa HELB mnapongoja jibu. Nako kuna kipimo cha mapato: kwa viwango vilivyotangazwa 2024, bendi ya 1 ni kaya ya hadi shilingi 5,995 kwa mwezi na bendi ya 5 ni ya zaidi ya 120,000. Familia yetu, yenye kama 34,300 kwa mwezi, kwa kipato peke yake ingekuwa bendi ya 3: ufadhili asilimia 50, mkopo asilimia 30, na familia asilimia 20. Karatasi mlizokusanya zitatumika huko pia.

Msimlipe wakala anayeahidi "kupanga" mapato yenu. Wazazi wa Uasin Gishu waliotoa pesa kwa mpango wa masomo ya Finland na Canada wanajua uchungu wa kumwachia mtu mwingine karatasi za mtoto. Washauri wa EducationUSA katika ubalozi wa Marekani Nairobi hawatozi chochote kujibu maswali, na mpango wa Kenya uitwao KenSAP huwaongoza bure wanafunzi wachache wenye alama za juu kabisa.

Jibu likija, tenganisheni msaada usiorudishwa, mkopo, na kazi ya chuoni (mwenye F-1 haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula). Angalieni kama bima ya afya na nauli ya ndege zimo. Ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa nje) ni dola 350 na ya viza ni dola 185, na kwa kawaida hizo hulipwa na familia. Siku ya mahojiano ya viza, maelezo ya pesa yatalinganishwa na yale ya chuo, kwa hiyo bebeni nakala ya fomu ile ile mliyotuma.

Baba akipoteza kazi au ufuo ukifungwa kabla ya mtoto kuondoka, kiandikieni chuo mara moja na mtume ushahidi. Hesabu hubadilishwa hali ikibadilika, na msaada wenyewe huombwa upya kila mwaka kwenye vyuo vingi. Wekeni faili moja nyumbani: P9, taarifa za M-Pesa, daftari la biashara, barua za Sacco na chama, bili za shule. Januari ikifika, mwaka uliopita ufungiwe humo kabla kumbukumbu hazijapotea.